Kipimo cha Saa Saba Mchana

Mtu akiniuliza siku hizi maji yakoje, ninamkata jicho tu. Kwa miaka kumi na tisa nimelijibu swali hilo kila siku, tena kwa rangi, kwenye ubao uliosimama pale gatini, na wavuvi wamelisoma jibu langu kabla hata ya kusalimiana. Nimechoka kujibu. Waniache.

Kazi yangu katika kituo cha uvuvi ni kupima maji ya ziwa. Kila siku saa saba mchana nahodha wa kituo ananipeleka kwenye boya letu la njano, mwendo wa dakika kumi kutoka gatini, nami ninafanya mambo mawili. Kwanza ninateremsha kisahani cheupe kwa kamba yenye alama mpaka kisionekane, nijue mwanga unafika wapi. Kisha ninazamisha waya wa mashine nijue maji yana oksijeni kiasi gani, maana samaki naye anapumua, asikudanganye mtu. Ninaandika kwenye daftari, ninarudi, ninapaka ubao rangi: kijani kama maji ni mazuri kwa samaki, njano kama ni ya wasiwasi, nyekundu kama ni hatari. Rangi inafuata oksijeni peke yake. Ikizidi tano, kijani. Ndivyo mwongozo wa kituo unavyosema, na mwongozo mimi niliukuta.

Kwa nini saa saba? Kwa sababu asubuhi boti ina doria na jioni ziwa lina mawimbi. Na kwa kuwa aliyenitangulia alipima saa saba, nami nikapima saa saba, ili namba za mwaka huu zilinganishwe na za mwaka juzi bila ubishi. Hilo ndilo nililojivunia kuliko vyote. Sikuruka siku. Nimepima nina homa, nimepima siku tuliyomzika mama, nikarudi msibani na viatu vilivyolowa, shangazi zangu wakanisema mwezi mzima. Nahodha alikuwa akinitania kwamba siku nitakayokufa mwenyewe nitaomba ruhusa ya nusu saa nikapime kwanza.

Ziwa letu halikosi kitu, na ndilo tatizo lake. Mbolea ya mashamba yote ya huko juu inashukia humo na mvua, maji taka ya mji yanaingia humo kwa bomba ambalo hakuna hata aliyejisumbua kulificha, na vyote hivyo ni chakula. Mwani, vile vijimea vya kijani vya majini, unakula, unanenepa, unazaliana, mpaka maji yanakuwa mazito na ya kijani kama rangi iliyosahauliwa kwenye kopo. Nilipoanza kazi, kisahani kilikuwa kikipotea kwenye mita moja na nusu. Mwaka huu kinapotea kwenye sentimita ishirini na mbili. Ukitumbukiza mkono mpaka kiwiko, huvioni vidole vyako mwenyewe. Watu wa mbali wanadhani ziwa hufa kwa kukosa. Hili letu linakufa kwa kuvimbiwa.

Kwetu tulizaliwa wanne. Wawili walishahama, na hawapigi simu mpaka kuwe na msiba. Aliyebaki hapa ni mdogo wetu wa mwisho, ambaye gati nzima inamwita Sindano kwa sababu alianza maisha kwa kushona nyavu zilizochanika, na hakuna aliyezishona haraka kama yeye. Nyavu zilipoanza kurudi na magugu matupu, hakukaa kulia. Aliunganisha mapipa na mabomba, akajenga vizimba vinne vya kufugia perege, nyuma kidogo ya boya langu. Mke wake, wifi yangu, alivumilia mwaka mmoja. Kisha akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, akaenda na mtoto wao. Baada ya muda akampigia mumewe: hapa kuna nafasi ya kupakia mizigo, njoo. Sindano akamwomba asubiri samaki wakue, ndipo aamue.

Nami ninasema wazi, maana sina haja tena ya kujisafisha: nilitaka abaki. Ninaishi peke yangu kwenye chumba cha kituo, kitanda upande huu, upande ule meza iliyojaa chupa za sampuli. Kila Jumapili alikuja kula kwangu, akalalamika kwamba chakula changu hakina chumvi, akaimaliza sufuria. Akiondoka huyo, nibaki na nani? Na nahodha? Nahodha ana wake wawili na hana muda hata wa kujikuna.

Basi Jumatano moja akaingia ofisini, mimi ndiyo kwanza nimetoka majini. Hakukaa. Alisimama akiushika mlango kwa mkono wake wenye makovu ya nyuzi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Maji vipi?"

"Ubao hujauona?"

"Nimeuona. Lakini leo nina jambo. Samaki wangu wamefika nusu ya ukubwa. Kuna mwenye lori anapita kesho, atawachukua wote hivyohivyo walivyo wadogo. Nikiwatoa sasa, ninapata nauli na pa kuanzia, ninafunga vizimba, ninamfuata mke wangu. Nikiwapa miezi miwili mitatu mingine, wanakuwa samaki wa kueleweka, ninaweka vifaranga wengine, ninamwambia arudi nyumbani. Nimjibu nini mwenye lori?"

Nikafungua daftari. Oksijeni ya siku hiyo ilikuwa kumi na mbili nukta nne. Katika miaka yote sikuwahi kuandika namba kubwa hivyo.

Hapa ndipo ninapotaka kujizaba vibao. Mimi nilisomea kazi hii. Mwalimu wetu, mwanamke mkali asiyetaka mtu apige miayo, alitueleza mpaka tukamwelewa: maji yenye mwani mwingi yana oksijeni kupita kiasi mchana, kwa sababu mwani unaitengeneza juani, lakini jua likizama, mwani huohuo unaivuta na kuimaliza. Kwa hiyo namba kubwa mno mchana si afya, ni homa. Nendeni mkapime kabla hakujapambazuka, alisema, ndipo mtajua samaki wamelalaje. Hayo yote niliyajua. Yalikuwa kichwani mwangu siku ile ile. Nami nikaitazama ile kumi na mbili nukta nne, nikamtazama mdogo wangu, nikafurahi.

"Subiri," nikamwambia. "Maji hayajawahi kuwa na hewa namna hii."

"Una uhakika?"

"Miaka kumi na tisa ninapima, leo wewe wa kuniuliza kama nina uhakika?"

Akacheka. "Basi yaishe, dada, usinichape." Akatoa simu, akampigia mwenye lori palepale mbele yangu, akamwambia apitilize tu.

Kuanzia Jumamosi jua likajificha. Mawingu mazito, upepo hakuna, ziwa limetulia tuli. Saa saba nikapata tisa. Jumapili Sindano alikuja kula kama kawaida yake, lakini hakulalamika juu ya chumvi. Alikula kidogo, akakaa akiangalia nje kuelekea majini.

"Jana ulipata ngapi?" akaniuliza.

"Tisa."

"Tisa ni nzuri?"

"Hata sita ni nzuri. Kula."

Siku hiyo nikapata saba nukta mbili. Jumatatu, tano nukta tisa. Nikapaka kijani, kijani, kijani. Nikajiambia ni mawingu tu, yakipita namba itapanda. Jumatatu hiyo nahodha aliinua pua pale kwenye boya akasema maji yananuka yai bovu. "Wewe mvuta sigara harufu utaisikia wapi," nikamjibu. Akageuza boti.

Jioni nikakaa kitandani na mashine mapajani. Betri ilikuwa imejaa. Mtumbwi wa Sindano hufungwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu. Ningeweza kuamka saa kumi na moja alfajiri, nipige kasia mwenyewe mpaka vizimbani, nizamishe waya, nijue moja. Ruhusa ya mtu sihitaji. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri, nitaiandika wapi? Daftari lina mstari mmoja kwa siku moja, na mstari huo ni wa saa saba. Nikiingiza namba ya alfajiri nitauharibu mfululizo. Miaka kumi na tisa ya namba zilizonyooka, halafu moja imekaa upande, na mtu atakayelisoma baada yangu atasema huyu naye alikuwa wa ovyo. Kwa sababu hiyo, mimi mtu mzima mwenye akili zangu timamu, niliirudisha mashine kwenye kasha lake nikalala.

Hilo ndilo nililojiambia. Lakini chini yake kulikuwa na jingine, na sikuligusa. Nilikuwa ninaogopa kujua. Ukishajua itabidi useme, na nikisema, mdogo wangu anaondoka.

Jumanne hakujapambazuka vizuri nahodha akanigongea dirisha.

"Amka, twende. Kwa mdogo wako kumeharibika."

Nilitoka na gauni la kulalia na miguu mitupu. Harufu ilinipokea mlangoni. Mashine nilikuwa nimeishika, wala sikumbuki nilivyoichukua.

Tulipofika, Sindano alikuwa amesimama kwenye ubao wa pembeni wa kizimba cha kwanza, maji yakimfika vifundoni. Samaki wote walikuwa juu, maelfu, wametoa midomo nje ya maji, wakiifungua na kuifunga, wakiifungua na kuifunga, na kutoka kwao ilisikika sauti ndogo, kama ya watoto wanaonyonya. Kizimba cha nne kilikuwa kimeshanyamaza. Wa humo walikuwa wamegeuka matumbo juu, weupe, wamebanana mpaka maji hayaonekani.

Nikazamisha waya.

"Ngapi?" Sindano akauliza bila kugeuka.

"Ni ndogo."

"Ngapi, dada?"

"Sifuri nukta nne."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Kisha akachukua ndoo, akaijaza maji, akayamwaga kutoka juu ili yashike hewa yakianguka. Akachota tena. Nahodha akachukua ndoo, nami nikachukua ndoo. Tulichota na kumwaga, tulichota na kumwaga, watu watatu kwa ziwa zima. Wavuvi wakaanza kufika na mitumbwi yao, mmojammoja, wakachukua walichonacho, sufuria, makopo ya rangi, wakachota nao. Mikono yangu ilikufa ganzi mpaka nikawa siijui ndoo wala maji. Kizimba cha tatu kikanyamaza, kikafuata cha pili. Kulipokucha kabisa, tulikuwa tumesimama wote kwenye kizimba cha kwanza, tukimwaga maji juu ya samaki waliokwisha kufa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Aliyeacha wa kwanza ni Sindano mwenyewe. "Inatosha, ndugu zangu," akasema. "Ahsanteni." Akaketi, akanawa uso kwa maji yaleyale.

Saa nne mawingu yakaachia, jua likawaka, la kuudhi kweli. Mkuu wa kituo akaja gatini na viatu vyake vya kung'aa, akatoa pole kwa kila mtu, kisha akanivuta pembeni.

"Saa saba utaenda?" akaniuliza.

Nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda, mnishangae tu. Miguu ilishazoea. Na pale kwenye boya, mbali kidogo na mizoga, saa saba kamili, jua la utosini, mashine ikanipa sita nukta tatu. Niliitazama namba hiyo mpaka nahodha akanigusa bega.

Gatini mkuu aliisoma. "Imezidi tano," akasema.

"Siandiki kijani leo."

"Ukiandika nyekundu kwa namba ya sita, umebuni. Mimi kitu cha kubuni sikisaini."

Lililoniuma ni kwamba ndivyo ambavyo mimi mwenyewe ningemjibu mtu wiki moja kabla, na kwa sauti hiyohiyo. Nikachukua brashi. Nikapaka kijani. Nyuma yangu watu walikuwa wakipandisha mikokoteni ya samaki waliooza kwenda kuwazika. Mama mmoja muuza samaki, anayenijua tangu nikiwa msichana mdogo, alisimama akautazama ubao, akanitazama mimi, akausukuma mkokoteni wake akaendelea. Afadhali angenitukana.

Sindano alizika siku tatu. Alichimba mwenyewe, akafukia mwenyewe, akavifungua vizimba kipande kwa kipande, akawagawia mapipa waliotaka mapipa. Hakumlaumu mtu. Niliambiwa kwamba wengine walimchokonoa, wakamwambia si dada yako aliyekuzuia usiuze, naye akawajibu kwamba dada yake haleti mawingu wala hafukuzi upepo. Niliposikia hivyo nilijifungia chumbani nikalia mpaka nikatapika. Mtu akikulaumu unaweza kubisha. Akikutetea, unafanyaje?

Ijumaa nikaenda kwake. Chumba kilikuwa kitupu. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba, ukutani zimebaki alama za picha, katikati ya sakafu kuna begi moja liko wazi. Nilipindua ndoo nikakaa.

"Basi lako ni la saa ngapi?" nikauliza.

"Saa tisa."

Alikuwa akikunja mashati, polepole, akipatanisha mikono na mikono. Aliendelea kukunja huku akisema, bila kuniangalia:

"Mimi harufu niliisikia, dada. Tangu Jumapili, nilipokuwa kwako. Nilitaka niende nikawatoe jioni ileile, hata wa kugawa bure. Nikapita gatini nikautazama ubao. Nikajisemea, pua yangu inajua nini, dada amepima."

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia yote. Ile kumi na mbili nukta nne na maana yake. Mwalimu wangu na kipimo cha alfajiri. Mashine mapajani siku ya Jumatatu, na betri iliyojaa, na mtumbwi wake hatua hamsini. Nikamwambia habari ya daftari na mstari wake mmoja. Nilisema haraka haraka kama mtu anayekimbizwa, nikasubiri anipige, anitupe nje, aseme lolote.

Akaliweka shati chini. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu siku ile nilipokuja kukuuliza?"

"Tangu siku ile."

"Sasa kwa nini, dada?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mwongozo. Boti. Mkuu na saini yake. Nikayaacha yote, nikasema moja tu.

"Nilitaka ubaki."

Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Sijawahi kumwona amechoka hivyo, hata siku ile na ndoo. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Si ungesema," akasema hatimaye. Hakukuwa na hasira yoyote kwenye sauti yake, na ningetoa chochote iwepo. "Ungesema tu, Sindano, baki. Ningewapakia wale wadogo kwenye lori, nikabaki. Ningemwomba mke wangu arudi, akikataa ningemwomba tena. Hakuna aliyewahi kuniambia nibaki, dada. Kila mtu ananiambia habari za maji."

Kisha akainuka, akafunga zipu ya begi, akaniomba nisimsindikize.